Viziduo vya mimea na kiribatumbo

Viziduo vya mimea ni dutu zinazotolewa katika majani, magome, mizizi, mbegu au matunda kwa kuchemsha, kuloweka katika maji au spiriti, kukamua, ama kusaga na kuchuja. Kikombe cha chai ni kiziduo. Vivyo hivyo supu iliyochemshwa pamoja na gome la mgunga, na pia kidonge cha chai ya kijani kinachouzwa kwenye kopo. Vingi vina antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia au kupunguza uharibifu unaoletwa na radikali huria mwilini. Kwa sababu hiyo vimechunguzwa kama msaada wa kudhibiti kiribatumbo (unene wa kupindukia), na vimeuzwa kuliko vilivyochunguzwa.

Kaskazini mwa Tanzania pana mfano unaojulikana kimataifa: Wamasai na Wabatemi wa wilaya ya Ngorongoro, ambao tangu zamani hutia mizizi na magome katika supu ya nyama na katika maziwa. Upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, katika wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara, ikiwa ni pamoja na Nyakunguru na vijiji vingine vya Wakurya, kemikali za aina hiyohiyo huliwa kwa njia ya kawaida zaidi: ugali wa mtama, uji wa ulezi na mboga chungu.

Kiribatumbo

Shirika la Afya Duniani hupima unene wa mtu mzima kwa kugawanya uzito wake wa kilogramu kwa mraba wa urefu wake wa mita. Jibu likiwa 25 au zaidi, mtu ana uzito uliozidi. Likiwa 30 au zaidi, ana kiribatumbo. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia kiwango hicho cha pili akiwa na kilo 77 hivi. Hali hiyo huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo, maradhi ya viungo na baadhi ya saratani.

Kwa muda mrefu tatizo hilo lilihesabiwa kuwa la nchi tajiri. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 45 ya wanawake wana upungufu wa damu. Takwimu hizo tatu ni za nchi moja na mwaka mmoja, na mara nyingine hukutana katika nyumba moja. Ni vizuri kuzikumbuka pamoja, kwa sababu kitu kinachomfaa mwenye kiribatumbo kinaweza kumdhuru mwenye upungufu wa damu anayekula naye sahani moja.

Mwili hunenepa unapopata nishati nyingi kuliko unayotumia kwa muda mrefu. Ziada huwekwa katika seli za mafuta. Seli hizo zikijaa mno, tishu ya mafuta huvimba kwa ndani, huita seli za kinga na kutoa kemikali za uvimbe pamoja na radikali huria nyingi kuliko kawaida. Hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisho, nayo huchangia mwili kuacha kuitikia insulini ipasavyo. Hapo ndipo antioksidanti zilipoingia katika mazungumzo ya unene. Lakini mkazo huo kwa sehemu kubwa ni matokeo ya unene. Kuupunguza si sawa na kuyeyusha mafuta yaliyokwisha kuwekwa.

Antioksidanti

Radikali huria ni molekuli au atomi zenye elektroni isiyo na mwenzake. Huinyang'anya molekuli ya jirani elektroni, na hiyo nayo ikanyang'anya nyingine, hata mnyororo huo ukaharibu mafuta ya utando wa seli, protini au DNA. Antioksidanti hutoa elektroni bila yenyewe kuwa hatari, na mnyororo hukatika. Mwili hutengeneza antioksidanti zake. Nyingine hutoka katika chakula, kama vile vitamini C, vitamini E, karotini na kundi kubwa la polifenoli. Polifenoli ndizo zinazoipa chai ukakasi wake, rosela wekundu wake na gome la mgunga rangi ya kahawia.

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani Denham Harman alipendekeza kwamba uzee wenyewe husababishwa na radikali huria. Tangu hapo maabara nyingi zimepima mimea kwa jaribio moja rahisi: kiziduo hutiwa katika kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, na kadiri rangi inavyogeuka kuwa njano ndivyo nguvu ya antioksidanti inavyohesabiwa kuwa kubwa. Jaribio hilo ni la bei nafuu na linaweza kufanywa katika chuo chochote, ndiyo maana kuna maelfu ya makala zinazosema mmea fulani wa Afrika ni "antioksidanti yenye nguvu". Karibu kila jani lenye ukakasi litafaulu.

Tumboni mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi. Bakteria wa utumbo mpana huzivunja, ini hubadilisha kinachoingia, na kiasi kinachofika katika damu ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha maabara. Idara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikichapisha orodha ya vyakula kwa nguvu zao za antioksidanti, iliiondoa mwaka 2012 kwa maelezo kwamba wafanyabiashara waliitumia vibaya na kwamba namba hizo hazionyeshi athari katika mwili wa binadamu.

Tena antioksidanti zikitolewa katika chakula na kuwekwa kwenye vidonge zinaweza kudhuru. Nchini Finland wanaume wavutaji wa sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa katika makundi, baadhi wakipewa beta-karotini kwa matumaini ya kuzuia saratani ya mapafu. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa.

Supu ya mizizi na magome

Mwaka 1964 timu ya daktari Mmarekani George Mann ilichapisha uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai waliokuwa wakiishi Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na mara nyingine damu, kwa hiyo kilijaa mafuta ya wanyama. Hata hivyo kolesteroli (lehemu) katika damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa karibu hakuna. Kwa madaktari wa wakati ule, waliokuwa wakijenga hoja kwamba mafuta ya wanyama ndiyo yanayoziba mishipa, hilo lilikuwa fumbo.

Maelezo mengi yalitolewa. Mojawapo lilitoka kwa wataalamu wa mimea, nao walitazama kitu ambacho madaktari walikuwa wamekipita tu: sufuria. Wamasai hawanywi supu ya nyama peke yake. Huchemsha ndani yake mizizi na magome, hasa katika kambi za kula nyama ambamo vijana wa kimorani hukaa siku nyingi wakila ng'ombe mzima. Unaojulikana zaidi ni olkiloriti, aina ya mgunga (Vachellia nilotica, zamani Acacia nilotica), ambao gome lake lina tanini nyingi. Husemwa kwamba hutia nguvu na ujasiri, na kwamba husaidia tumbo kubeba mafuta mengi.

Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, ni majirani wa Wamasai lakini huzungumza lugha ya Kibantu, hulima kwa mifereji ya umwagiliaji, hufuga mbuzi na kurina asali. Nao pia hutia mizizi na magome katika vyakula vyao. Katika miaka ya 1990 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akishirikiana na R. L. A. Mahunnah wa taasisi ya tiba asili ya Muhimbili na watafiti wengine, alikusanya mimea hiyo na kuipima. Makala yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba takriban nne katika kila tano za aina zinazotiwa katika chakula, kwa Wabatemi na kwa Wamasai pia, zina saponini, polifenoli, au vyote viwili.

Saponini ni kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Katika utumbo zinaweza kushikamana na kolesteroli na nyongo, vikatoka pamoja na choo badala ya kurudi katika damu. Polifenoli kwa upande wake huyalinda mafuta yasioze kwa oksijeni, kwanza ndani ya sufuria yenyewe, halafu katika tumbo. Kwa hiyo dhana kwamba supu hizo zilipunguza madhara ya mafuta ina msingi wa kikemia.

Lakini mambo mawili huizuia isigeuzwe kuwa tangazo la dawa ya kupunguza mwili. La kwanza ni kwamba kolesteroli si uzito. Kiziduo kinaweza kupunguza lehemu katika damu bila kupunguza hata kilo moja. La pili ni miguu. Mann mwenyewe aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1972 alitoa ripoti juu ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufa. Kuta za mishipa yao zilikuwa na utando wa mafuta, kama za wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Alidhani sababu ni mazoezi ya maisha yao yote.

Mwaka 2010 utafiti ulioongozwa na Julia Mbalilaki ulipima jambo hilo moja kwa moja nchini Tanzania. Watu 985 walilinganishwa: Wamasai, wakulima wa vijijini na wakazi wa mjini. Wamasai walitumia wastani wa kilokalori 2,565 kwa siku zaidi ya mahitaji ya msingi ya mwili, wakulima 1,500, watu wa mjini 891. Wamasai walikuwa wembamba kuliko wote na mafuta ya damu yao yalikuwa mazuri kuliko ya wote, ingawa chakula chao ndicho kilichokuwa na mafuta mengi. Watafiti walihitimisha kwamba kutembea kwao ndiko kunakoelekea kuwalinda. Supu haikupimwa. Mchungaji wa ng'ombe hutembea na hunywa supu, na si rahisi kuvitenganisha viwili hivyo. Lakini tofauti ya kilokalori zaidi ya 1,600 kwa siku baina ya mchungaji na mtu wa mjini ni kubwa kuliko kitu chochote ambacho gome limewahi kuonyeshwa kufanya.

Mtama, ulezi na mboga za Mara

Nafaka za zamani za mkoa wa Mara ni mtama na ulezi, pamoja na muhogo ulioingia baadaye na mahindi yanayozidi kuenea. Ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama bado ni chakula cha kawaida. Mtama mwekundu au wa kahawia una tanini katika ngozi ya mbegu yake, na ulezi una polifenoli nyingi katika kumvi. Kwa kipimo cha maabara, nafaka hizo zina antioksidanti nyingi kupita mahindi meupe yaliyokobolewa.

Mkulima hakuupanda mtama mchungu kwa ajili ya antioksidanti. Aliupanda kwa sababu ndege, hasa kwelea kwelea, hupendelea mtama mweupe na kuuacha ule mchungu mpaka wamekosa kingine. Tanini ni kinga ya mmea: hushikamana na protini na vimeng'enya tumboni mwa anayeula, na chakula humeng'enywa polepole na pungufu. Ndiyo maana katika karne ya 20 wataalamu wa kilimo waliihesabu tanini kuwa kasoro, kwani mifugo iliyolishwa mtama mwekundu iliongezeka uzito kidogo kuliko iliyolishwa mweupe.

Huko Kigezi nchini Uganda, na vilevile Rwanda na Burundi, wenye mtama huo waliloweka mbegu katika maji ya majivu na kuziacha zichipue kabla ya kusaga. Njia hiyo huondoa sehemu kubwa ya nguvu ya tanini. Kwa maneno mengine, akina mama wa nyanda hizo walitumia ufundi kuiondoa kemikali ileile ambayo leo huuzwa kwenye makopo kama "kizuia unene". Walikuwa na sababu: mtoto anayekua anahitaji kila protini na kila chembe ya chuma iliyomo katika uji wake. Kwa mtu mzima mwenye kisukari au uzito uliozidi, wanga unaomeng'enywa polepole ni faida. Kwa mtoto wa miaka miwili ni hasara.

Mboga za asili hazina utata huo kwa kiasi kikubwa. Mgagani (Cleome gynandra), mnavu, mrenda, majani ya kunde na mchicha hutoa karotini, vitamini C, foliki asidi na nyuzinyuzi, na nishati yake ni ndogo: gramu 100 za mchicha uliochemshwa zina kilokalori 20 na kitu. Mboga inayojaza nusu ya sahani huondoa nafasi ya ugali, na huo ndio mchango wake mkubwa katika suala la uzito, wala hauhitaji antioksidanti kuuelezea. Uchungu wa mgagani hupunguzwa kwa kumwaga maji ya kwanza au kwa kutia maziwa. Maji hayo yakimwagwa, vitamini C nyingi huondoka nayo. Maziwa ni njia bora, mradi yapatikane.

Namna vinavyodhaniwa kufanya kazi

Wanaochunguza viziduo kwa ajili ya unene hutaja njia kadhaa. Baadhi ya polifenoli huzuia lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta, ili sehemu ya mafuta ipite bila kufyonzwa. Nyingine huzuia vimeng'enya vya wanga. Nyuzinyuzi laini, kama za ukwaju, bamia au mrenda, hufanya uteute tumboni na kuchelewesha njaa. Kafeini pamoja na katekini za chai huongeza kidogo nishati inayotumika mwili ukiwa umetulia. Mwisho kuna viziduo vinavyozuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta. Hivi vimeonekana hasa katika vyombo vya maabara na katika panya, na panya aliyenenepeshwa kwa makusudi ni mnyama rahisi kumpunguza.

Kwa binadamu matokeo ni madogo. Chai ya kijani ndiyo iliyochunguzwa kuliko mimea yote, na mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 yalikuta kwamba upungufu wa uzito unaoletwa na bidhaa zake ni mdogo kiasi kwamba hauna maana kwa mgonjwa. Tunda la Garcinia cambogia kutoka Asia, ambalo huuzwa sana kwa wanaotaka kupungua, lilijaribiwa na watu 135 kwa wiki 12 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998; waliomeza tunda hilo hawakupungua kuliko waliomeza vidonge vitupu. Kwa kulinganisha, dawa ya sindano ya semaglutide, katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Hakuna kiziduo cha mmea kilichokaribia hapo.

Ubuyu una hadithi yenye mafunzo zaidi. Unga wake una vitamini C na polifenoli kwa wingi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, waliuchanganya katika mkate mweupe na katika kinywaji, wakakuta kwamba sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko ilivyopanda kwa mkate mtupu. Hata hivyo walioula hawakushiba zaidi, wala miili yao haikuchoma nishati zaidi. Huo ni mfano mzuri wa kiziduo chenye faida halisi ambayo si ile inayotangazwa. Na ubuyu unaoliwa mitaani Zanzibar na Dar es Salaam ni ule wa mbegu zilizopikwa katika sukari na rangi.

Rosela (Hibiscus sabdariffa), iitwayo pia choya, imepata ushahidi bora kwa shinikizo la damu. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2010, watu wazima 65 wenye shinikizo lililopanda kiasi walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, na kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa pointi 7, dhidi ya pointi 1 kwa wale waliopewa kinywaji cha kuigiza. Walikunywa bila sukari. Juisi ya rosela ya sherehe, ambayo jagi moja hutiwa vikombe vya sukari, ni kitu kingine kabisa.

Kenya nayo ilitoa chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, ambayo taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho iliikabidhi kwa wakulima mwaka 2011. Majani yake yana antosianini, rangi ileile ya rosela na zabibu nyeusi. Huuzwa ng'ambo kwa sifa ya kupunguza mwili, lakini kwa binadamu sifa hiyo hutegemea majaribio madogo sana. Faida iliyo wazi ni ya mkulima, iwapo kiwanda cha karibu kinanunua majani hayo kwa bei ya juu.

Hatari

Watu wengi huamini kwamba kilichotoka porini hakina madhara. Kisa kinachotajwa zaidi kupinga imani hiyo kilitokea Brussels, Ubelgiji. Kati ya mwaka 1990 na 1992 kliniki moja ya kupunguza uzito iliwapa wateja wake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jenasi Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina hufanana na mizizi iliyokaushwa haitofautiani kwa macho. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Wengi wao walikuwa na afya njema kabla ya hapo. Mizizi na magome yanayouzwa kwa mafungu sokoni hubeba hatari hiyohiyo: mnunuzi hutegemea macho na uaminifu wa mchimbaji.

Hatari ya pili ni wingi. Chai ya kijani ikinywewa kikombeni ni salama kwa watu wengi, lakini Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku vinaweza kudhuru ini. Kwa chai na tanini kwa jumla kuna tatizo la chuma: zikitumiwa pamoja na mlo, hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha maharage na mboga. Mwanamke mwenye upungufu wa damu anashauriwa kunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula.

Ya tatu ni udanganyifu. Bidhaa "asilia" za kupunguza mwili zimekamatwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa zimetiwa sibutramini, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Kidonge cha majani kinachoondoa njaa ghafla, kikaleta kiu na mapigo ya moyo ya haraka, kinafaa kutiliwa shaka kwa sababu hiyo. Aidha, mwenye kisukari anayemeza dawa za hospitali pamoja na kiziduo kinachoshusha sukari anaweza kuanguka kwa upungufu wa sukari, na mama mjamzito hapaswi kutumia viziduo vya kupunguza uzito kabisa.

Samunge, 2011

Mmea mmoja wa Wabatemi ulipata umaarufu usio na kifani. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, aligawa kikombe kimoja cha maji ya mizizi ya mugariga (Carissa spinarum, zamani Carissa edulis) kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge. Ilisemwa kwamba kikombe hicho hutibu kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu na UKIMWI. Watu walifika kutoka Tanzania yote, Kenya na kwingineko. Msururu wa magari ulienea kilomita nyingi, na zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa wakiwa njiani au kwenye foleni. Wengine waliacha dawa zao za hospitali, wakiamini wamepona.

Mugariga si mti wa ajabu. Wamasai huuita olamuriaki na Wajaluo ochuoga, na watoto wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki hula matunda yake meusi matamu. Watafiti wa Misri walikuwa wamechapisha mwaka 1996 kwamba kiziduo chake hushusha sukari katika damu ya panya waliofanywa kuwa na kisukari. Ila walitumia majani, si mizizi. Waliofaidika walikuwa panya. Na walipewa kipimo kinachojulikana. Kati ya matokeo kama hayo na kikombe kimoja kinywewacho mara moja maishani kuna hatua nyingi ambazo hazikupitiwa. Mwasapile alifariki mwaka 2021.

Nchini Tanzania waganga wa tiba asili na dawa zao husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kuwasajili.

Kutoka mmea hadi dawa

Mfano wa mmea uliopitia hatua zote ni galega (Galega officinalis) wa Ulaya na Asia ya Magharibi, uliotumiwa tangu Zama za Kati kwa watu wenye kiu na mkojo mwingi, dalili ambazo leo hutambuliwa kuwa za kisukari. Kemikali yake inayoshusha sukari iligunduliwa kuwa na sumu, kwa hiyo wanakemia walitengeneza ndugu zake wasio na ukali huo. Mmoja ni metformini, ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne aliijaribu kwa wagonjwa na kutoa matokeo mwaka 1957. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye uzito uliozidi waliotumia metformini walikufa kwa uchache kuliko waliofuata ushauri wa chakula peke yake. Haiwanenepeshi watumiaji kama zifanyavyo baadhi ya dawa nyingine za kisukari. Wengine hupungua kilo chache.

Leo metformini hutolewa katika hospitali za wilaya za Tanzania kama dawa ya kawaida ya kisukari cha aina ya pili, kwa vidonge vya miligramu 500 au 850. Galega yenyewe huua kondoo wanaoila kwa wingi, na nchini Marekani imo katika orodha ya magugu yasiyoruhusiwa kuingizwa.